Dawa Iliyoishia Pajani

Katika chumba cha upasuaji cha hospitali ile palikuwa na sheria moja isiyokuwa na mjadala, na aliyeilinda ni muuguzi wa mezani, mtu mrefu, mkavu, asiyecheka ovyo, ambaye vijana wa kazi walimwita Sajini. Muuguzi wa mezani ndiye asimamaye kando ya daktari mpasuaji akimpa kisu, mkasi na uzi kwa kadiri vinavyohitajika, na Sajini aliifanya kazi hiyo kama askari alindaye ghala la baruti. Sheria yenyewe ilikuwa hii: kabla kisu hakijagusa ngozi ya mtu, dawa ya kuua vijidudu iwe imekwisha kuingia katika damu yake na kuenea. Haitolewi wakati wa kushona, wala wodini jioni watu wakikumbuka. Hutolewa kabla.

“Mlinzi huwekwa mlangoni mwizi hajafika,” alizoea kuwaambia wanafunzi wa uuguzi. “Ukimleta wakati mwizi keshakula, keshalala, huyo si mlinzi tena. Huyo ni shahidi.”

Wanafunzi walicheka kwa adabu. Yeye hakucheka.

Ndipo shemeji yake, mdogo wa mkewe, alipoteleza kwenye kizingiti cha kibanda chake cha kushonea akiwa amebeba jora la kitambaa kichwani, akaanguka na jora lake, na kifundo cha mguu wa kulia kikavunjika pande mbili. Alikuwa fundi cherehani, mjane mwenye watoto watatu, na cherehani yake ilikuwa ile ya kukanyaga kwa miguu. Mguu wa kulia ndio uliokuwa ukiongoza. Bila mguu ule, cherehani ilikuwa meza tu, na watoto wale walikula kutokana na ile meza.

Daktari alitazama picha ya mfupa, akasema itabidi apasue, aweke bamba la chuma na skrubu, lakini kwanza uvimbe ushuke. Uvimbe ulichukua muda wake. Uliposhuka, mwenzake Sajini katika kazi ya mezani alikuwa likizo ya uzazi, na hivyo ile desturi ya kutomhudumia ndugu yako ikawekwa kando, kwa kuwa hapakuwa na mikono mingine.

Asubuhi ya upasuaji alimpitia wodini. Shemeji alikuwa ameketi kitandani, kitambaa cha kijani kichwani, akimtazama kwa jicho la utani ambalo hata maumivu hayakulizima.

“Sajini wangu! Leo utauona mguu wangu mpaka mfupa. Hata marehemu mume wangu hakufika huko.”

“Nyamaza, wagonjwa wenzako wanasikia.”

“Waache wasikie. Shemeji asipotaniwa, atataniwa nani? Haya, niambie. Nitaumia?”

“Utachomwa sindano ya ganzi mgongoni, huku chini hutasikia kitu. Watakupa na dawa ya kukusinzisha. Na kabla ya kukatwa utapewa sindano nyingine ya mshipani, ya kukukinga na usaha. Hiyo ndiyo ninayoijali mimi kuliko zote.”

“Na wewe utakuwepo?”

“Nitakuwepo.”

“Basi mimi nalala usingizi wa mtoto.” Akamshika kidole, akakiachia haraka, maana alijua shemeji yake hapendi kushikwashikwa. “Dada alisema, ukiwepo wewe hakuna wa kuzembea.”

Chumbani mambo yalianza vizuri. Mtaalamu wa ganzi, mtu wa makamo, mpole, aliyeitwa na wote Mzee wa Usingizi, alipiga sindano ya mgongo mara moja ikakubali. Alikwisha kuchanganya unga wa dawa ya kinga na maji, akaivuta katika bomba la sindano na kuilaza kwenye sinia dogo karibu na kichwa cha mgonjwa. Sajini aliliona lile bomba. Alikuwa amekwisha kunawa mikono hadi viwiko, amevaa joho na glavu safi, na tangu hapo hakuruhusiwa kugusa chochote ambacho hakikuchemshwa. Hata pua ikimwasha, ilimpasa kuvumilia. Alisimama mikono ameikunja kifuani kama mtu aliye katika ibada, akingoja.

Kilichoharibu siku ile kilikuwa mkanda. Kwa upasuaji wa mguu hufungwa pajani mkanda wa mpira, ukajazwa upepo hadi ubane mishipa, ili damu isishuke na daktari aone mfupa vizuri. Mkanda wa hospitali ile ulikuwa umezeeka. Sista, muuguzi wa kuzunguka ambaye hakuvaa glavu safi na aliyekuwa na ruhusa ya kugusa kila kitu, aliujaza kwa pampu ya mkono. Ukajaa, kisha ukapumua fyuu, ukalegea. Akaujaza tena. Ukapumua tena.

“Mkanda huu una pumu,” alisema Sista.

“Mpe dawa ya kifua basi,” alijibu Daktari, naye akiwa amekwisha kuvaa, mikono juu, jasho likimtoka chini ya kofia. “Finya pale kwenye kiungo cha mpira. Hapo. Finya usiachie.”

Wakati huohuo Mzee wa Usingizi akapaza sauti kwamba presha ya mgonjwa inashuka, jambo ambalo ganzi ya mgongo huweza kulifanya. Akaliacha bomba siniani, akafungua maji ya dripu yakimbie, akachoma dawa ya kupandisha, macho hayatoki kwenye mashine. Sajini alitazama bomba, akatazama mashine, akaona kwamba mtu hawezi kumwambia mwenzake “dawa yako imelala” wakati mwenzake anapigania uhai wa mgonjwa. Akasema moyoni: presha ikipanda tu, nitamkumbusha.

Presha ikapanda. Na katika dakika ileile Sista alipiga pampu mara ya tatu, mkanda ukajaa, ukashika. Walingoja wasikie pumu yake, haukupumua. Chumba kizima kikashusha pumzi, Sajini naye macho yakiwa kwenye mkanda. Sista alipiga makofi. Hata Daktari, asiyekuwa mtu wa mzaha akiwa kazini, alisema, “Umekubali, bibi kizee!” Mguu ukaanza kuwa mweupe kama nta, hauna damu, tayari kwa kazi.

Kisha, kama ilivyokuwa desturi, kazi yote ilisimama kidogo na Sista akauliza kwa sauti yale maswali ya kabla ya kisu. Mgonjwa ni nani? Mguu upi? Kipo chuma? Na la mwisho:

“Dawa ya kinga?”

Mzee wa Usingizi aligutuka, akaliona bomba, akaliokota, akalisukuma lote katika mshipa wa mkono. “Imeingia,” alisema.

“Imeingia,” Sista akarudia.

Ilikuwa kweli. Dawa ilikuwa imeingia kabla ya kisu, kama sheria ilivyotaka. Ilikuwa ikienda kichwani, tumboni, mapafuni, katika mguu wa kushoto hadi kidole cha mwisho. Katika mguu wa kulia ilifika pajani, ikakuta mlango umefungwa. Mahali pamoja pekee palipoihitaji ndipo isipoweza kufika.

“Daktari,” alisema Sajini. “Mkanda ulikwisha kujaa dawa ilipoingia.”

Mzee wa Usingizi alifumba macho, akayafumbua.

“Una hakika?” Daktari aliuliza.

“Nimeona kwa macho yangu. Mguuni hamna dawa.”

“Ni kweli,” alisema Mzee wa Usingizi kwa sauti ndogo. “Ni mimi. Presha ilinichanganya.”

“Tuulegeze,” alisema Sajini. “Tungoje dawa ishuke, kisha tuufunge tena.”

Daktari aliutazama mkanda. “Sista, tukiulegeza, utashika tena?”

“Daktari, sijui hata sasa umeshikaje.”

“Upo mwingine?”

“Ulipasuka. Tuliomba, hawajaleta.”

“Na damu ya kumwongezea, nikipasua bila mkanda?”

“Ya kundi lake haijapatikana.”

“Basi tuahirishe,” alisema Sajini, na sauti yake ilikuwa ileile kavu, ingawa ndani ya glavu vidole vilikuwa vimelowa.

“Tuahirishe mpaka lini? Mfupa umeanza kujishika kombo. Wiki ijayo nitakuwa namvunja upya.” Daktari hakuwa mtu mbaya, wala hakuwa mzembe. Alitafakari kweli, Sajini aliyaona macho yake yakienda kwenye mguu, kwenye mkanda, kwenye mashine, yakarudi. “Nitafanya haraka. Mwisho nikifungua mkanda, dawa itashuka yote, na tutaongeza nyingine. Wangapi tumewafanyia siku za nyuma bila dawa kabisa, wakapona? Sajini, nimekusikia. Umesema, na ni haki yako kusema. Sasa ninaamua mimi.” Akanyoosha mkono wazi. “Kisu.”

Katika miaka yote ya kazi yake Sajini aliwafundisha vijana kwamba muuguzi husema kwa sauti kile anachokijua, na akisikilizwa, na uamuzi ukatolewa, hutii; kwani chumba chenye madaktari wawili ni chumba chenye maiti mmoja. Aliiamini kanuni hiyo. Alikuwa ameipokea angali mwanafunzi, kutoka kwa watu waliomchapa na waliomlea, na hakuwahi kuijutia. Aliutazama uso wa shemeji yake uliosinzia upande wa pili wa pazia, kitambaa cha kijani kimeteleza mpaka kwenye sikio. Kisha akakiweka kisu katika mkono wa Daktari, mpini mbele, kama inavyotakiwa.

Upasuaji ulikuwa mzuri. Bamba lilikaa sawasawa, kidonda kilishonwa kwa mkono wa ufundi. Daktari alisema, “Umeona?” na Sajini akajibu, “Nimeona.”

Siku za mwanzo kidonda kilikuwa kikavu, naye Sajini, asiyejua kuomba kwa maneno mengi, aliomba. Alikipitia kila alipoingia kazini na kila alipotoka. Shemeji akacheka: “Wewe, mke wako atadhani ana mke mwenza huku wodini.” Kisha, asubuhi moja, aliona wekundu pembeni ya mshono wa tatu kutoka juu. Mtu mwingine asingeuona. Akaubonyeza kwa kidole. Shemeji akarudisha mguu.

“Unauma?”

“Unawaka kidogo. Si ndiyo kupona?”

Sajini akaenda kumwita Daktari.

Wakaanza dawa za nguvu, za mshipani. Wekundu ukapungua, ukatulia, ukarudi. Mshono ukatoa maji, maji yakawa mazito, na shashi iliyofungwa asubuhi ilikuwa imelowa mchana. Daktari akamrudisha chumbani, akafungua, akaosha, akafunga. Akarudia. Vijidudu vilikuwa vimejenga kwenye chuma, mahali ambapo dawa huvifikia kwa shida. Akalitoa bamba. Kufikia hapo mfupa wenyewe ulikuwa umeoza, na homa ikawa inapanda kila jioni, na kifua nacho kikajaa.

Nyumbani kwa Sajini hali ilikuwa ngumu zaidi kuliko wodini. Mkewe alipika, akapeleka, akarudi na bakuli likiwa nusu, akaketi jikoni.

“Mungu ana siri zake,” alisema. “Lakini namshukuru, Baba watoto, kwamba ulikuwepo. Wangekuwa wenyewe mle ndani, nani anajua wangefanya nini? Mama kila akipiga simu nasema, mama, alikuwepo mwenyewe, alisimama pale mwanzo mpaka mwisho.”

“Nilisimama, ndiyo.”

“Basi hilo ndilo linalonipa usingizi.”

Sajini alitaka kuzungumza. Badala yake aliinuka, akaosha bakuli ambalo halikuwa zamu yake kuliosha, na mkewe akamshangaa.

Akamwendea Daktari ofisini. Hakuketi alipokaribishwa.

“Ni kwa sababu ya mkanda?” aliuliza.

Daktari alivua miwani, akajisugua macho. Alikuwa amekonda. “Nimejiuliza hilo kila siku. Sijui. Kuna waliopewa kwa wakati, kila kitu sawasawa, wakaoza. Kuna wasiopewa kabisa, wakarudi kulima. Huenda ingetokea vilevile. Huenda isingetokea. Hapana mtu duniani atakayekuambia.” Akairudisha miwani usoni. “Ningependa niwe na hakika kwamba nilikosea. Kosa mtu hulibeba akaenda nalo. Hili silijui hata nilishikeje.”

Sajini aliondoka, kwa kuwa alikuwa amekuja kutafuta mtu wa kumkasirikia, na hakumpata.

Hatimaye Daktari alisema lililokuwa likingojwa. Mguu ukatwe chini ya goti, kabla sumu haijapanda. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama goti litabaki, akaambiwa litabaki. Akasema, “Haya.” Dada yake alilia mpaka akatolewa nje.

Sajini alibaki. Alivuta kigoda, akaketi, jambo ambalo hakulifanya wodini kamwe.

“Shemeji, kuna habari unayopaswa kuijua kabla hujaingia tena.”

Akamweleza yote kwa mpangilio, kama anayetoa ripoti: bomba siniani, presha, mkanda, swali la Sista, maneno aliyoyasema yeye, maneno aliyoyasema Daktari. Hakujipunguzia wala hakujiongezea. Akamaliza kwa kusema kwamba kisu alikitoa yeye kwa mkono wake.

Shemeji alivuta shuka, akaufunika mguu.

“Kwa hiyo ndicho kilichonifikisha hapa?”

“Sijui. Na Daktari hajui.”

“Nani anajua?”

“Hakuna.”

“Sasa wewe Sajini,” alisema taratibu, “umeniletea kesi isiyo na mshitakiwa, saa hii, na mimi mgonjwa. Niifanye nini? Niilalie?”

“Niliona si haki usijue.”

“Haki.” Alikohoa, akashika kifua. “Ungegoma kutoa kile kisu, je?”

“Angekichukua mwenyewe mezani.”

“Sijakuuliza yeye. Nimekuuliza wewe.”

“Ningeweza kugoma,” alisema Sajini. “Ndiyo. Ningeweza.”

“Na mguu ungepona kombo.”

“Ungepona kombo.”

“Kombo ningekanyagia cherehani.” Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama fundi anayepima kitambaa kilichokwisha kukatwa vibaya. Kisha akageuza uso. “Dada asijue.”

“Kwa nini? Ni haki yake pia.”

“Achana na haki zako! Mimi nikijua, sina wa kumlaumu. Yeye akijua, atapata wa kumlaumu, na mtu mwenyewe analala naye kitanda kimoja. Nina watoto wa kumwachia nikizidiwa. Nataka wakute nyumba ina amani. Umesikia?”

“Nimesikia.”

“Na utaingia na mimi. Si kwa kutoa visu. Utakaa huku kichwani.”

Safari hii kila kitu kilifanywa kwa utaratibu. Mkanda ulikuwa mpya, umeletwa kutoka hospitali nyingine, unashika kwa mpigo wa kwanza. Mzee wa Usingizi alitoa dawa mapema, huku Sajini akitazama tone la mwisho likiingia, wakangoja ienee, ndipo mkanda ukajazwa. Mtu angeweza kuwaleta wanafunzi wote waje kujifunza. Mwenzake wa mezani alikuwa amerudi kutoka likizo, na ndiye aliyetoa visu.

Kwa sababu ya kifua, Mzee wa Usingizi hakuthubutu kumlaza kabisa wala kumsinzisha sana. Alimpiga ganzi ya mgongo tu, na shemeji akawa macho. Pazia la kijani lilitundikwa katikati, na Sajini akaketi upande wa kichwa, mikono mitupu, hana kazi yoyote, kwa mara ya kwanza katika chumba kile.

“Wameanza?” shemeji aliuliza.

“Wameanza.”

“Sisikii kitu. Navutwavutwa tu, kama mtoto anavuta kanga.”

Aliisikia sauti ya Daktari ikiomba chombo kingine, na akajua ni kipi. Shemeji naye akajua, kwa sababu alimwona uso.

“Shemeji, zungumza,” alisema haraka.

“Niseme nini?”

“Chochote. Nisisikie.”

Sajini hakuwa na hadithi. Hakuwa na utani, wala wimbo, na sala zake zilikuwa fupi. Alitazama huku na huku, akaona kwenye rafu ya ukutani majoho ya upasuaji yaliyokunjwa, naye akaanza na hilo, kwa kuwa ndilo alilolijua.

“Majoho yale,” alisema, “hukunjwa ndani nje. Unaanza kwa kuyatandaza, kamba zote ndani, mikono ndani, ili anayelivaa aguse upande wa mwilini tu. Kisha unakunja mara mbili kwa urefu...”

“Kola inaangalia wapi?”

“Juu. Kola huwa juu.”

Msumeno ukaanza. Akapaza sauti.

“Kola juu, ili mtu alishike kwa kola, aliachie, lidondoke lenyewe!”

“Nani aliyashona?” Shemeji alikuwa amefumba macho, machozi yakimwingia masikioni. “Mabega yake mabaya. Naona hata nikiwa hapa. Wamekata bega na mkono kipande kimoja.”

“Bega na mkono pamoja, ndiyo.”

“Hukatwa mbali. Mkono peke yake, halafu unaungwa kwa kuzunguka. Mtu ainue mkono bila joho kupanda. Sema.”

“Mkono hukatwa peke yake,” alisema Sajini.

“Sema kwa nguvu.”

“Mkono hukatwa peke yake, halafu unaungwa kwa kuzunguka!”

“Endelea. Kikwapa?”

“Sikijui kikwapa, shemeji.”

“Kikwapa huwekewa kiraka cha pembe nne. Kidogo. Mshono usipasuke. Sema.”

Naye akasema, mstari kwa mstari, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa, akikosea na kusahihishwa na kurudia, kwa sauti kubwa iliyowafanya wenzake wote wasimtazame, kwa sababu upande ule wa pazia kazi ilikuwa haijaisha.